Alamu ya moshi inalia "pii" usiku kucha, betri nimebadilisha na bado inalia. Nifanyeje?

MamaZawadi_FW

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana hapa nilipo macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Tunaishi apatimenti huku Fort Worth, Texas, ghorofa ya pili, na ile alamu ya moshi iliyoko kwenye korido karibu na chumba cha watoto imeanza kulia. Hailii ule mlio wa nyumba inaungua, hapana, ni ka-pii kamoja tu halafu kimya, ukishaanza kusinzia kanalia tena, yaani kama dakika moja hivi kati ya pii na pii. Kibaya zaidi inaanza saa tisa saa kumi za usiku, asubuhi jua likishatoka inanyamaza kabisa kama sio yenyewe, ukimsimulia mtu anakuona uliota.

Nimeenda dukani nikanunua ile betri ya mraba yenye vichwa viwili juu, ya volti 9, mume wangu akapanda akabadilisha, usiku ule ule ikalia. Akakasirika akaitoa betri kabisa, bado inalia! Bila betri!! Hapo ndio nguvu ziliniisha. Mwanangu wa kwanza anasema ni jini, na mama yangu yuko Tanga kila akipiga simu anaisikia anauliza nyie huko mmefuga ndege gani mbona analia neno moja tu.

Sasa naomba kujua, kwanini ni usiku tu? Inaliaje bila betri? Na nikiing'oa nikaiweka kwenye droo mpaka wikiendi kuna tatizo? Ofisini kwa apatimenti nimepiga simu wakasema watatuma mtu, huyo mtu anakuja lini hawakusema.

KibaruaHalisi

Ing'oe dada weka droo ulale. Sisi wote humu tumekulia nyumba za jiko la mkaa na kibatari, nani alikuwa na hicho kidude na mbona tupo? Hawa wazungu waoga tu. Mimi ya kwangu nimeivalisha mfuko wa nailoni tangu nimehamia maana kila nikikaanga samaki inapiga kelele jirani wote wanatoka nje kunitazama.

FundiDFW

Dada MamaZawadi usimsikilize huyo ndugu, nitamrudia baadae. Mimi kazi yangu ni ufundi kwenye majengo ya kupangisha hapa hapa DFW (Dallas na Fort Worth) na nikuambie tu baridi ikianza hiyo pii ndio inanipa kazi kuliko mabomba na friji, kwahiyo ngoja nikueleze taratibu.

Kwanini usiku. Betri inatoa umeme kwa kemikali, na kemikali ikipata baridi inakuwa mvivu. Betri ikiwa imechoka, mchana nyumba ina joto inajikongoja inafikisha volti inayotakiwa, usiku mmeshusha hita mnalala chini ya mablanketi, ile alfajiri ndio nyumba inakuwa na baridi kuliko saa zote na volti inashuka chini ya kiwango, alamu inasema pii. Jua likitoka inapanda tena kidogo inanyamaza. Hakuna jini hapo mwambie mtoto.

Inaliaje bila betri. Hiyo yenu bila shaka imeunganishwa na umeme wa nyumba, volti 120, angalia utaona ka-taa kadogo ka kijani kanawaka. Betri ni akiba tu umeme ukikatika. Sasa ukitoa betri yenyewe inaona akiba hakuna, inalalamika vile vile, tena nyingine mfuniko haufungi kabisa mpaka uweke betri, wametengeneza hivyo makusudi kwa ajili ya watu kama ndugu yetu wa mfuko wa nailoni.

Haya, umeweka betri mpya na bado. Hapa ndio pana mambo. Kwanza ni betri gani, maana kuna zile za bei chee zimeandikwa heavy duty, hizo sio alkalaini, zina nguvu ndogo, na zile za kuchaji nazo usiweke maana volti zake zinaanzia chini na zinaisha kimya kimya. Pili vichwa vimekaa sawasawa na mfuniko umefunga tiki? Tatu, na hili wengi hawalijui, ndani ya alamu kuna umeme kidogo unabaki hata ukishatoa kila kitu, ndio maana unaweza ukaishika mkononi haina waya haina betri na ikalia, mtu anatupa chini anakimbia. Izungushe kinyume cha saa itoke kwenye silingi bodi, chomoa ile plagi ya waya nyuma (kama unaogopa zima breka kwanza), toa betri, halafu bonyeza kile kitufe cha test ushikilie sekunde 15 mpaka 20, inaweza ikapiga kelele kidogo ikafa. Hapo ndio umeisafisha. Rudisha waya, weka betri mpya, bonyeza test tena ihakikishe.

Ukishaishusha igeuze uangalie nyuma kuna tarehe ya kutengenezwa. Alamu ya moshi maisha yake ni miaka 10 kuanzia hiyo tarehe, sio kuanzia siku uliyohamia. Ikishapita hapo ile sensa ndani imechoka, hata uiwekee betri ya gari itaendelea kulia tu na hiyo pii sio ya betri tena, inasema nibadilisheni. Idadi ya pii na rangi ya taa inatofautiana kampuni na kampuni, maelezo huwa yameandikwa hapo hapo mgongoni.

La mwisho, una uhakika gani ni hiyo inayolia? Usicheke. Mlio wake uko kwenye hezi elfu tatu na kitu, sauti nyembamba kama hiyo tena fupi masikio ya binadamu yanashindwa kujua inatokea wapi, inagonga kwenye jipsam inarudi, kila mtu ndani anaonyesha upande wake. Nimeshaitwa mara nyingi mtu kashusha alamu zote nne za nyumba ziko mezani na pii inaendelea. Simama chini ya moja usubiri pii, ukisikia iko mbali hamia nyingine. Na tafuta kwenye plagi za ukutani nyuma ya makochi, juu ya kabati, kwenye stoo ya nguo, kuna ile alamu nyingine ya gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, mara nyingi aliyekaa kabla yenu ameiacha na hamjui kama ipo.

KibaruaHalisi

Mkuu umeandika kitabu. Lakini hujajibu, nyumbani tuliishi bila hiyo.

FundiDFW

Nakujibu ndugu yangu. Nyumbani uliishi kwenye tofali na bati, jiko likishika moto linaungua jiko, tena mara nyingi liko nje uani. Huku jengo zima ni mbao juu ya mbao wamebandika jipsam, sakafuni kapeti, makochi sponji na plastiki, moto ukishika kwenye kochi una dakika chache tu na moshi wenyewe ni sumu unakulevya ukiwa umelala, huamki. Chama chao cha kuzuia moto, NFPA, hesabu zao zinasema karibu watu watatu kati ya watano wanaokufa kwa moto majumbani Marekani wamefia kwenye nyumba ambayo haikuwa na alamu au ilikuwepo ila haifanyi kazi. Haifanyi kazi maana yake nini? Betri iko kwenye droo.

Na jingine kwa dada, Texas sheria ya kupanga iko wazi, mpangaji akitoa betri asirudishe nyingine mara moja au akiiharibu alamu, mwenye nyumba akishakupa notisi ya siku saba na bado hujairekebisha anaweza kukudai kodi ya mwezi mmoja na dola 100 juu yake, kama lizi yako (mkataba wa kupanga) imeitaja hiyo adhabu, na karibu lizi zote za huku zimeitaja. Wakija kukagua wakaikuta droo hawaulizi ulilala au hukulala.

Samaki wako sasa. Alamu yako pengine ni ile ya zamani inayotumia aioni, hizo zinashtuka sana na mvuke wa mafuta ya kukaanga. Omba wakuwekee ile ya kuona kwa mwanga, inaitwa photoelectric imeandikwa kwenye boksi, na ikae futi 10 au zaidi kutoka kwenye jiko. Halafu kuna kitufe cha hush, ukibonyeza inatulia kama dakika 8 hadi 10 hivi umalize kukaanga, yenyewe inarudi kazini. Mfuko wa nailoni nani anakumbuka kuutoa usiku? Fungua dirisha, maana ile feni ya juu ya jiko apatimenti nyingi inavuta moshi na kuurudisha humo humo ndani.

bint_Lamu_NY

Nduguzanguni mimi niko New York na kuhusu hili la kuzoea kelele naomba niseme kidogo. Mnakumbuka ule moto wa Bronx, Januari 2022, lile ghorofa la Waafrika, wengi wao Wagambia? Watu 17 walikufa, 8 ni watoto. Ulianzia kwenye hita ya umeme ya kuweka chini, mlango wa ile nyumba ukabaki wazi moshi ukapanda ngazi. Wakazi wenyewe walisema alamu za jengo lile zilikuwa zikilia lia ovyo kila mara hata watu wakawa hawazijali, siku ya kweli wengi wakadhani ni yale yale. Mimi tangu hapo hainiingii akilini mtu kuiacha pii ikalia wiki nzima ati nimeizoea. Watoto nao wanaizoea, siku ikilia ya kweli hawanyanyuki.

MamaZawadi pole sana mamangu, na hiyo ya bimkubwa kuuliza ndege nimecheka wallahi.

Makombe_Des_Moines

Jambo bandugu. Sisi tuko Iowa, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Tanzania. Ile shirika yenye ilitupokea mutu wao alituonesha hii kintu siku ya kwanza akasema ikilia tatu tatu mutoke nje mbio, ikilia ine ine ni ile gesi, mutoke pia, lakini hii ya kulia moja moja hakutueleza, njo tuliona kama iko na wazimu.

Mimi nilitaka kusema juu ya wazee. Mama yangu anasikia vizuri ukiongea naye lakini ile pii hasikii hata kidogo, anakaa chini yake anakula tu. Na ile ya moto yenyewe mulango ikiwa imefungwa hasikii. Mutu wa zimamoto alitueleza wazee wanapotezaka kwanza zile sauti nyembamba, kuko alamu zingine za sauti nzito, hezi 520, zile njo za watu wenye masikio yamechoka, tuliomba moja ya chumba chake. Kwa wenye kukosa pesa, Msalaba Mwekundu wa Marekani tangu 2014 wanaenda mu manyumba wanaweka alamu bure, hata zimamoto ya miji mingi wanafanya, unapiga tu simu unauliza. Hawaulizi makaratasi.

Na mutu asiingize mbabula (jiko ya mkaa) ndani juu ya baridi, tafazali. Ile Februari 2021 Texas umeme ulikatika watu waliingiza mkaa na jenereta ndani, wengine waliwasha gari mu gereji bapate joto, walikufa. Ile gesi haina harufu.

Wanjala_Leicester

Hapa Uingereza ni tofauti kidogo, nyumba nyingi za zamani ni matofali lakini sheria iko strikti. Tangu Oktoba 2022 landilodi lazima aweke alamu ya moshi kila ghorofa ya nyumba, na ile ya kaboni monoksaidi kila chumba chenye boila au kitu kinachochoma mafuta ama gesi ama kuni, isipokuwa kuka (jiko la kupikia) ya gesi, na ukimwambia imeharibika lazima airekebishe au alete ingine. Betri zenyewe ukiwa mpangaji unashauriwa ubadilishe mwenyewe, ikikataa ndio unamwambia. Scotland wao wamepita hapo, tangu Februari 2022 alamu zote za nyumba lazima ziwe zimeunganishwa, moja ikilia zote zinalia.

Cha maana kwa MamaZawadi ni usipige simu pekee yake. Andika. Tuma imeili ama kwa ile programu yao ya wapangaji, piga picha ya alamu, rekodi na video pii ikilia saa ikionekana kwa simu. Simu ni maneno tu, yanapotea hivyo. Ukiandika wanajua siku kitu kikitokea kuna karatasi.

mzee_wa_Sinza

Mimi niko Dar nawasoma tu. Huku kinachotuamsha usiku ni mita ya LUKU uniti zikikaribia kuisha, nayo ni pii pii hivyo hivyo, tofauti yake sisi ukipuuza unalala giza na samaki kwenye friji wanaoza. Betri ya kuweka humo hakuna. Endeleeni.

MamaZawadi_FW

Jamani asanteni sana nyote, nimerudi na majibu. Mume wangu leo kashinda nyumbani tukafanya kama FundiDFW alivyosema. Ile ya korido tumeishusha, nyuma imeandikwa 2012!! Miaka yote hiyo na sisi tunabadilisha betri. Tukatoa waya na betri tukashikilia kitufe ikatoa mlio mmoja mrefu ikafa, mtoto akapiga makofi. Tumekaa tunakunywa chai, pii.

Tukasimama kila mmoja kwenye kona yake, mimi jikoni, yeye chumbani, mtoto mlangoni, tunasubiri kama tunawinda panya. Ilikuwa nyuma ya meza ya TV, kimechomekwa kwenye plagi ya chini kabisa kitu cheupe kidogo, nilikuwa naona mgongo wake tu miaka yote najua ni cha intaneti. Ni ile ya kaboni monoksaidi, na kwenye kioo chake imeandika END. Kwahiyo ni zote mbili, moja imekwisha muda na nyingine imekwisha muda, zinapokezana.

Nimewaandikia ofisi kwa maandishi kama alivyosema Wanjala, na picha ya ile 2012 nimeweka. Nilijibiwa ndani ya saa moja, mtu anakuja kesho asubuhi! Simu zote zile hakuna aliyekuja. Usiku wa leo nifanyeje, niirudishe hiyo ya korido hata kama inalia?

FundiDFW

Irudishe ndio, na betri mpya ndani. Alamu ya zamani inayolia pii bado inaweza kukusikia moshi, iliyoko mezani haiwezi. Na mjaribu zile nyingine za vyumbani kwa kitufe cha test muone zinaitika, kama zimeunganishwa ukibonyeza moja zote zinapiga, waambie majirani kwanza. Hiyo iliyoandika END chomoa, hiyo haioni gesi tena, hizo umri wake mara nyingi ni mfupi kuliko za moshi, miaka mitano hadi kumi kutegemea na kampuni iliyoitengeneza. Kama nyumba yenu ina hita ya gesi, mwambie anayekuja kesho asiondoke bila kukuwekea mpya, maana wengi wanabadilisha ya moshi wanasahau hiyo.

Ukiulizwa unataka aina gani sema ile ya betri ya lithiamu iliyofungwa humo humo ya miaka 10. Kama ni ya waya nayo ipo yenye akiba ya namna hiyo. Majimbo kama California na New York yameshapiga marufuku kuuza zile za betri tupu za kubadilisha, lazima iwe imefungwa. Na uandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe ubavuni, sio mgongoni, ili usihitaji kuishusha kuisoma.

KibaruaHalisi

Ya kwangu nimeenda kuitazama kwa sababu yenu. 2009. Nimetuma imeili. Mfuko wa nailoni nimeutoa, ila leo nakula mkate na maharage.

MamaZawadi_FW

Hahaha Kibarua karibu kundini. Wamekuja wameweka mpya tatu za moshi na moja ya gesi, jamaa kaondoka kaniachia zile kuukuu kwenye mfuko na betri zake. Natupa wapi hizi? Kwenye taka za kawaida inaruhusiwa?

FundiDFW

Alikosea kukuachia, ni zao. Zirudishe ofisini. Nyingine za zamani zile za aioni zina chembe ndogo sana ya amerisiamu (kitu chenye mionzi) ndani, haikudhuru ikiwa imefungwa hivyo lakini mtoto asije akazifungua kwa bisibisi anatafuta spika. Moja moja wengi wanatupa kwenye taka za nyumbani na inaruhusiwa sehemu nyingi, ila miji mingi ina siku ya kukusanya taka za hatari, ni bora huko. Betri za lithiamu usitupe kabisa kwenye taka, zinapasuka kwenye gari la taka.

Na hizo za volti 9, vichwa vyote viwili viko upande mmoja, ukiziacha kwenye droo na sarafu au funguo vinagusana zinapata moto zinawaka kweli. Bandika solotepu juu ya vichwa kabla hujaziweka popote.